Maisha ya Adam Osborne, Mwandishi wa Kompyuta

1. Mtoto wa Bara Hindi

Ng'ambo ya bahari ile ile inayopiga mawimbi yake katika ufuko wa Somanga iko Bara Hindi. Tangu zamani upepo wa kaskazi uliwaleta wafanya biashara mpaka Kilwa na nguo zao na shanga zao, na upepo wa kusi ukawarudisha kwao na pembe. Katika nchi hiyo alikulia mtu mmoja ambaye kazi yake ilifika mbali kuliko jahazi lo lote. Jina lake Adam Osborne. Huyu aliandika vitabu vya kuwafundisha watu wa kawaida habari za kompyuta, wakati ambapo wengi hawajaiona hata moja. Tena ndiye aliyeuza kompyuta ya kwanza iliyonunuliwa na watu wengi ambayo mtu mmoja aliweza kuichukua kwa mkono wake na kusafiri nayo.

Alizaliwa tarehe 6 Machi, 1939, katika mji wa Bangkok, mji mkuu wa nchi ambayo wakati ule iliitwa Siam, na siku hizi huitwa Thailand. Baba yake, Arthur Osborne, alikuwa Mwingereza, mwalimu katika chuo kikuu cha mji ule. Mama yake alikuwa mtu wa Poland. Adam alipokuwa na umri wa miaka miwili tu, vita kuu ya pili ilikuwa ikiukaribia upande ule wa dunia. Mama na watoto wakakaa Bara Hindi, katika mji wa Tiruvannamalai, katika nchi ya Watamil. Baba akabaki Bangkok katika kazi yake. Mwisho wa mwaka 1941 majeshi ya Wajapani yakaingia Siam, na yule mwalimu akakamatwa akatiwa kambini pamoja na Waingereza wengine. Hakutoka mpaka vita vilipokwisha mwaka 1945. Basi Adam alikuwa amekwisha kuwa mtoto wa miaka sita alipomwona baba yake tena.

Mji wa Tiruvannamalai uko chini ya mlima ambao Wahindi huuheshimu sana, na wakati ule alikaa pale mtawa mmoja mashuhuri, Ramana Maharshi. Watu walitoka nchi za mbali kuja kumsikiliza. Arthur Osborne naye akawa mmoja wa wanafunzi wake, akaandika vitabu vya kueleza mafundisho yake kwa lugha nyepesi, ili watu wa Ulaya wapate kuyafahamu. Hivyo Adam alilelewa katika nyumba ambayo kazi ya kalamu ilikuwa kazi ya kila siku, na ambayo jambo gumu lilitafutiwa maneno mepesi. Yeye mwenyewe alisomeshwa na masista katika shule yao ya Kodaikanal, mji ulio juu milimani penye baridi na ukungu. Kisha, akiwa bado mvulana, akapelekwa Uingereza, nchi ya baba yake.

2. Kazi ya kalamu

Huko Uingereza alisoma kwa bidii, na mwaka 1961 akapata shahada ya uhandisi katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Uhandisi wenyewe ulikuwa wa mambo ya kemia, yaani elimu ya viwanda vya mafuta, dawa na vitu vya namna hiyo. Halafu akavuka bahari kwenda Marekani, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Delaware mpaka akapata shahada ya juu kabisa. Baadaye akaajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell katika jimbo la California. Katika kazi hiyo hesabu zilikuwa nyingi na ngumu, nazo zilifanywa kwa kompyuta. Ndipo alipoanza kuizoea mashine hiyo.

Yafaa kujua jinsi kompyuta zilivyokuwa siku zile. Kompyuta moja ilijaza chumba kizima, na bei yake haikuwezekana ila kwa serikali, mabenki, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mtu wa kawaida hakuruhusiwa hata kuigusa. Lakini mwaka 1971 kampuni ya Intel ilianza kuuza kitu kipya: kipande kidogo, kadiri ya ukucha wa kidole, ambacho ndani yake mlikuwa na viungo vyote vya kufikiri vya mashine ya kuhesabu. Kwa kipande hicho kompyuta iliweza kufanywa ndogo, na bei yake ikapungua sana. Mwezi wa Januari, 1975, gazeti moja la mafundi wa umeme huko Marekani, liitwalo Popular Electronics, lilitangaza kompyuta iliyouzwa katika vipande, mnunuzi aiunganishe mwenyewe nyumbani kwake. Iliitwa Altair 8800, na bei yake haikufika dola 400. Vijana wakaagiza kwa maelfu.

Lakini palikuwa na shida kubwa. Vipande vilipatikana, maarifa hayakupatikana. Maelezo yaliyotoka viwandani yaliandikwa na wahandisi kwa ajili ya wahandisi wenzao, na mtu aliyeyasoma bila kujua kazi alitoka kama alivyoingia. Adam Osborne aliiona shida hiyo. Yeye alikwisha kuacha kazi ya mafuta, naye alikuwa akijipatia riziki kwa kuyaandikia makampuni ya kompyuta vitabu vya maelezo ya mashine zao. Akaandika kitabu cha kueleza zile kompyuta ndogo tangu mwanzo: jinsi mashine inavyohesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, jinsi inavyokumbuka, jinsi inavyopokea agizo moja baada ya jingine na kulitimiza. Jina la kitabu kile kwa Kiingereza lilikuwa An Introduction to Microcomputers.

Osborne hakungoja wenye maduka ya vitabu wamjie. Mwaka ule ule wa 1975 mafundi wapenda kompyuta wa California walikuwa wameanza chama chao, na mkutano wao wa kwanza ulifanyika katika banda la kuwekea motokaa, nyumbani kwa mmoja wao. Osborne alikuwa akienda katika mikutano ya chama hicho na sanduku lake la karatasi limejaa vitabu, akiviuza kimoja kimoja kwa mkono wake. Kisha kampuni ya IMSAI, iliyotengeneza kompyuta za kuunganisha, ikapenda kitabu kile, ikanunua nakala nyingi ili kila mnunuzi wa mashine yake apate na kitabu. Tangu hapo jina la Osborne likajulikana. Akafungua kampuni yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu vya kompyuta, nayo ikastawi hata mwaka 1979 kampuni kubwa ya McGraw-Hill ikainunua.

Zaidi ya vitabu aliandika pia makala katika magazeti ya kompyuta. Katika makala hizo hakumwogopa mtu. Alipoona mashine mbovu alisema kuwa ni mbovu. Aliwakemea hasa watengenezaji waliochukua fedha za watu kwa ahadi, na kutangaza vitu ambavyo havijawa tayari. Wasomaji walimpenda kwa ukali huo, nao watengenezaji walimwogopa. Jambo hili lataka kukumbukwa, kwa sababu ya mambo yatakayofuata.

3. Kompyuta yenye mshikio

Mtu anayetoa makosa ya wengine huulizwa siku moja kama yeye mwenyewe aweza kufanya vizuri zaidi. Osborne aliamua kujibu kwa vitendo. Mwaka 1980 alimwendea mhandisi mmoja hodari, Lee Felsenstein, ambaye ndiye aliyeongoza mikutano ya kile chama cha mafundi, akamweleza haja yake. Alitaka kompyuta iliyokamilika, iliyofungwa katika sanduku moja, ambayo mtu aweza kuinyanyua na kwenda nayo. Tena bei yake iwe nafuu. Fedha za kuanzia zilikuwapo, kwa kuwa alikwisha kuuza kampuni yake ya vitabu.

Osborne hakutafuta mashine iliyo bora kuliko zote. Shauri lake lilikuwa kwamba watu wengi hawahitaji kilicho bora kabisa; wanahitaji kinachotosha, kwa bei wanayoiweza. Felsenstein akafanya kazi kwa kufuata shauri hilo. Mwezi wa Aprili, 1981, katika maonyesho ya kompyuta yaliyofanyika San Francisco, mashine yao ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza. Jina lake Osborne 1.

Kwa umbo ilifanana na cherehani ya mkono iliyofungwa katika sanduku lake. Ilikuwa na mshikio wa kuichukulia, na uzito wake ulikuwa kama kilo 11, yaani zaidi kidogo ya debe lililojaa maji nusu. Kifuniko chake kilipofunguliwa, ndani yake mlikuwa na vibonye vya herufi kama vya taipu. Katikati ya uso wake palikuwa na kioo kidogo cha inchi 5 tu, na kila upande wa kioo palikuwa na mahali pa kutilia diski, yaani kisahani chembamba cha kuhifadhia maandishi. Mashine ile iliweza kukumbuka herufi kama 65,000 kwa wakati mmoja. Hizo ni kidogo sana mbele ya simu ya mkononi ya siku hizi, lakini wakati ule zilitosha kuandikia barua, hesabu za duka, au sura nzima ya kitabu. Msafiri aliweza kuiweka chini ya kiti chake ndani ya ndege. Hata hivyo ilihitaji umeme ili ifanye kazi. Mahali pasipo umeme ilikuwa sanduku zito tu.

Bei yake ilikuwa dola 1,795, na ndani ya bei hiyo mlikuwa na hekima kubwa ya Osborne. Kwa desturi, mtu aliyenunua kompyuta alipata mashine tupu. Ilimpasa kununua tena programu, yaani yale mafungu ya maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini, na kila programu ilikuwa na bei yake. Ilikuwa kama kumwuzia mvuvi mashua isiyo na tanga, kisha kumwambia akatafute tanga duka jingine, kamba duka jingine na nanga duka jingine. Osborne aliuza mashua pamoja na tanga lake, kamba zake, makasia yake na nanga yake. Mnunuzi alipewa programu ya kuandikia, ya kufanyia hesabu, na ya kujitungia maagizo mwenyewe, zote kwa bei ile moja. Kama angezinunua mbali mbali, programu hizo peke yake zingemgharimu karibu dola 1,500.

Watu wakaikimbilia. Waandishi wa magazeti, makarani wa hesabu, wenye maduka na walimu waliinunua. Kampuni iliyoanza na watu wachache ikawa na mamia ya wafanya kazi, na katika siku za neema kubwa iliuza mashine kama 10,000 kwa mwezi mmoja. Osborne, mtu mrefu mwenye sauti kubwa, akawa mashuhuri kila mahali. Picha yake ikatokea katika magazeti, na maneno yake yakasikilizwa.

4. Neno lililotangulia

Lakini biashara ikistawi huwaita wengine. Mwaka 1982 ikatokea kompyuta nyingine ya kuchukuliwa kwa mkono, iitwayo Kaypro, ya bei ile ile ya dola 1,795, na kioo chake kilikuwa kikubwa zaidi, inchi 9. Kisha kampuni ya Compaq ikaleta mashine iliyoweza kutumia programu zile zile za kompyuta za IBM, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ile ya Osborne haikuweza. Tena ndani ya kampuni ya Osborne mwenyewe mambo hayakuwa sawa. Ilikuwa imekua haraka mno, hata vitabu vya hesabu havikuweza kuufuata mwendo wake. Wakubwa wake walidhani wanapata faida, kumbe walikuwa wakipata hasara. Na hesabu za kweli zilipojulikana, shauri lao la kuuza hisa kwa watu wote likazuiwa.

Katika hali hiyo, mwanzoni mwa mwaka 1983, habari za mashine mpya zikaanza kuenea. Osborne alijivunia kazi yake, akawaeleza waandishi wa magazeti na wenye maduka habari za kompyuta itakayofuata, iitwayo Executive, ambayo kioo chake kitakuwa kikubwa zaidi na nguvu zake zitakuwa nyingi zaidi. Lakini mashine hiyo haikuwa bado madukani. Kilichokuwa madukani ni Osborne 1.

Fikiri habari za fundi wa mashua aliye na mashua tatu mpya ufukoni, zinangoja wanunuzi. Akitembea sokoni akiwaambia wavuvi kwamba mashua atakayoiunda msimu ujao itazishinda hizi kwa kila jambo, ni nani atakayetoa fedha yake leo? Kila mvuvi atasema moyoni kwamba afadhali angoje. Mashua tatu zitapasuka juani, na fundi hatakuwa na fedha za kununulia mbao za ile ya nne. Ndivyo ilivyokuwa. Wenye maduka wakaacha kuagiza Osborne 1. Mashine zikalundikana ghalani. Fedha zikaacha kuingia, na madeni hayakuacha kudaiwa. Mashine mpya ilipofika, kampuni ilikuwa imekwisha kulegea, na wapinzani walikuwa wamekwisha kushika soko.

Wako waliokuwa ndani ya kampuni ile waliosema baadaye kwamba neno lile halikuwa sababu ya pekee. Kwamba Kaypro na Compaq na zile hesabu mbovu zingeiangusha kampuni hata kama Osborne angenyamaza. Huenda ndivyo. Mti ulioliwa na mchwa huangushwa na upepo mdogo. Lakini wafanya biashara wa nchi nyingi wamelikumbuka kosa la ulimi kuliko makosa mengine, hata wakalipa jina la Osborne. Mpaka leo, kampuni inayoharibu mauzo ya bidhaa yake kwa kutangaza mapema bidhaa ijayo husemekana kuwa imepatwa na mambo ya Osborne. Ni jambo la kusikitisha, maana yeye mwenyewe alikuwa amewakemea wengine kwa miaka mingi kwa kutangaza vitu kabla ya wakati wake.

Mwezi wa Septemba, 1983, miaka miwili na nusu tu baada ya yale maonyesho ya San Francisco, kampuni ikafilisika. Hasara haikuwa ya Osborne peke yake. Mamia ya wafanya kazi, waliomwamini na kuacha kazi nyingine ili wamfuate, walirudi nyumbani bila kazi, na wale walioikopesha kampuni walibaki wakidai.

5. Kurudi milimani

Osborne hakuficha aibu yake. Mwaka uliofuata, 1984, akishirikiana na mwandishi John Dvorak, alitoa kitabu cha kueleza kupanda na kuanguka kwa kampuni ile. Kazi aliyoianza nayo, kazi ya kueleza, ilikuwa ingali mikononi mwake.

Mwaka huo huo alianzisha kampuni nyingine ya kuuza programu za kompyuta kwa bei ndogo, kama vile vitabu vyenye majalada ya karatasi vinavyouzwa rahisi kuliko vyenye majalada magumu. Shauri lake lilikuwa lile lile la zamani, kwamba kilicho na manufaa kisiwe cha matajiri tu. Lakini kampuni ya Lotus ikamshitaki kwamba programu yake moja ya hesabu imefananishwa mno na ya kwao. Kesi ikaendelea kwa miaka, na mwaka 1990 hukumu ikawapa Lotus haki. Kampuni ya pili ya Osborne nayo ikaishia hapo.

Baada ya hayo maradhi yakamshika. Mishipa ya damu kichwani ilimdhuru mara nyingi, kidogo kidogo, hata yule mtu ambaye kichwa chake kilikuwa chepesi kuliko cha wengi akaanza kupungukiwa na nguvu za akili. Mwaka 1992 akaondoka Marekani, akarudi Bara Hindi, kwa dada yake aliyekuwa akikaa Kodaikanal, mji ule ule wa milimani alikosomeshwa na masista alipokuwa mtoto. Dada yake akamtunza muda wa miaka kumi na zaidi. Huko, mbali na makelele ya viwanda na magazeti, Adam Osborne alifariki dunia usingizini tarehe 18 Machi, 2003, akiwa na umri wa miaka 64.

Mali aliyoipata upesi ilimtoka upesi. Kompyuta zake siku hizi zimewekwa katika majumba ya makumbusho, na watu huzitazama wakistaajabia ule udogo wa kioo chao. Lakini mambo mawili aliyoyafanya hayakupotea. La kwanza, alionyesha kwamba kompyuta yaweza kufungwa, kuchukuliwa na kufunguliwa mahali pengine, na kila mtu anayesafiri leo na kompyuta mkobani mwake anafuata njia ile. La pili, na hili ndilo kubwa, aliwachukua watu waliofungiwa nje ya elimu mpya, akawafungulia mlango kwa maneno yaliyo wazi. Wengi waliojenga mambo makubwa baadaye walijifunza hatua zao za kwanza katika kurasa zake.

Kwa maneno alipanda, na kwa maneno alianguka. Neno alilolipima kwa uangalifu, akaliandika na kulisahihisha mpaka mjinga apate kulifahamu, lilimjenga yeye na likawajenga wengine. Neno alilolitoa kwa kujivuna, kabla ya wakati wake, lilibomoa kazi ya watu mamia. Wazee wa pwani walikwisha kusema zamani kwamba heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mwenye kujikwaa guu huumia peke yake, lakini mkubwa akijikwaa ulimi huanguka na wote waliomshika mkono.